Namuuguza mama, nashona, nalala kwa vipande: muda wa kupumzika nyie mnautoa wapi?

Fundi wa Charambe

Wakuu, habari za usiku. Najua saa hizi wengi mmelala. Mimi nimeamka kumgeuza mama, hospitali walisema kila baada ya saa mbili, na nikishaamka usingizi haurudi, kwa hiyo nimeona bora niandike kuliko kuhesabu mbao za dari.

Ni fundi cherehani, nakaa Charambe huku Mbagala. Nina watoto wawili wanaosoma, na mume dereva wa lori njia ya Tunduma, ambaye akirudi nyumbani anakuwa mgeni wa kupikiwa. Mwaka jana mama yangu alipata kiharusi. Upande wa kulia ulilala wote, mkono na mguu, na maneno yakapotea. Kila unachomwambia anaelewa, kucheka anacheka, ila neno lililobaki mdomoni ni "bado" tu. Akitaka maji, bado. Akitaka kujisaidia, bado. Akichukia, bado, kwa sauti ya juu. Mimi nimeshazijua zote, wageni wanabaki kunitazama niwatafsirie.

Naamka kabla ya adhana ya alfajiri. Namsafisha, nambadilisha pampas, namkalisha wima nimpe uji, maana hospitali waliniambia akinywa amelala unaweza kupita njia ya hewa. Watoto wanaondoka. Saa mbili nafungua fremu, iko hapo hapo mbele ya nyumba, na majirani wananiambia nina bahati, kazi iko mlangoni. Kweli iko mlangoni. Nikiwa kwenye cherehani namsikia mama, nikiwa kwa mama naisikia simu ya mteja. Msimu huu nina sare za kamati ya harusi, nina magauni ya sendofu, na kila mmoja anatuma ujumbe: "Fundi, ya kwangu imefika wapi?" Umeme ukikatika mchana nashona usiku. Ijumaa kuna marejesho ya kikoba, na kikoba hakina habari kama una mgonjwa.

Mwili umeanza kukataa. Bega la kushoto linawaka. Moyo unakwenda mbio nikiwa nimekaa tu. Juzi mteja aliniuliza zipu nimeweka ya rangi gani, swali la kawaida kabisa, nikaanza kulia mbele yake. Maskini akawa ananibembeleza huku kashika gauni lake nusu limeshonwa. Mwanangu wa darasa la nne siku hizi kabla hajaomba kitu anauliza kwanza, "Mama umekasirika?"

Kila ninayemweleza ananijibu "jipe muda" au "jipende". Shoga yangu alinitumia video ya mwanamke kajipaka udongo usoni, taulo kichwani, mishumaa imewaka pembeni. Niliiangalia na mama, tukacheka wote wawili. Yule dada mama yake nani kamshikia?

Tuko wanne kwa mama. Kaka mkubwa yuko Mwanza, anapiga simu. Dada yetu yuko Muscat, kazi za ndani, anatuma hela kila mwezi na sina hata neno moja la kumlaumu. Yeye huko anamuogesha bibi wa watu, mimi huku namuogesha mama yetu. Mdogo wetu wa kiume yuko Kigamboni. Huyu anakuja Jumapili na mfuko wa matunda, anakaa saa moja, anamshika mama mkono, anamwambia utapona, anaondoka. Nikimwomba alale hata usiku mmoja: "Dada, mimi mwanaume, mama nitamuogeshaje?" Hapo naishiwa jibu.

Kwa hiyo sitaki ushauri wa kwenda kubembea Bagamoyo. Nataka aliyewahi kuuguza mtu wa kitandani, tena huku anatafuta riziki, aniambie saa zake za kupumzika alizichomoa wapi. Kwenye usingizi hakuna tena cha kuchomoa.

Jamaa wa Sinza

Pole sana dada. Kiukweli afya ya akili ni muhimu. Mimi nashauri panga siku moja kwa wiki ya kwako tu: saluni, maji ya moto, muziki laini, na usiku lala muda wa saa nane kamili bila simu. Utaona mabadiliko.

Fundi wa Charambe

Asante kaka. Nikilala saa nane, mama anageuzwa na nani? Siulizi kwa ubaya, ndilo swali nililokuja nalo.

Muuguzi Mstaafu

Binti yangu, pole. Nimefanya kazi wodini miaka mingi na sasa niko nyumbani Moshi na kahawa yangu michache. Nitakujibu kuhusu mgonjwa kwanza, kwa sababu nguvu zako nyingi zinapotelea kwenye namna ya kumhudumia.

Hiyo kanuni ya kugeuza kila saa mbili umeipata hospitali, na ni kanuni nzuri. Lakini jua imetoka wapi. Wodini kuna zamu ya asubuhi, ya jioni na ya usiku, na anayegeuza saa tisa za usiku hakuwepo asubuhi. Wewe umepewa kanuni ya watu watatu uifuate peke yako. Hakuna muuguzi duniani anayeweza kuifuata hivyo, na mimi nisingeweza.

Fanya hivi. Ukimbadilisha asubuhi, mkague ngozi: sehemu ya chini ya mgongo, nyonga, visigino, masikio. Bonyeza kwa kidole penye wekundu au weusi usio wa kawaida. Kwenye ngozi nyeupe wekundu unaonekana upesi, kwetu sisi mara nyingi utaona pamebadilika rangi kidogo, pana joto au pamekuwa pagumu kuliko pembeni. Kama ngozi ni safi siku zote, nenda kwa muuguzi au mtaalamu wa viungo anayemwona mama, umuulize kama usiku unaweza kurefusha, umgeuze kila baada ya saa tatu au nne. Wapo wagonjwa wanaoruhusiwa hivyo wakiwa na godoro zuri la sponji nene, mto kati ya magoti na mto mwingine chini ya miguu ili visigino vielee. Usiamue mwenyewe, uliza. Ukirefushiwa umepata kipande kimoja cha usingizi kisichokatika, na hicho kitakusaidia kuliko vipande vitano vya dakika arobaini.

La pili, hilo bega. Naweza kukisia unavyomgeuza: unainama, unamkumbatia kifuani, unamvuta. Acha. Kunja kanga mara mbili, ipitishe chini yake kuanzia mabegani hadi mapajani, iache hapo hapo. Ukitaka kumgeuza, kunja magoti yako, shika kanga karibu na mwili wake, vuta kanga na uache mwili wake uifuate. Kanga mbili za pamba zinatosha, moja inafuliwa moja inatumika. Na usimnyanyue kamwe kwa kuuvuta mkono uliopooza. Bega la upande ule halina misuli ya kulishikilia, linachomoka kidogo kidogo, na maumivu yake ni makali.

La tatu ni wewe. Ukienda kumchukulia mama dawa za presha, kaa na wewe upimwe. Ikirudia kusoma 140 kwa 90 au zaidi, una mgonjwa wa pili ndani ya nyumba. Na huko kulia: kama kwa wiki mbili au zaidi karibu kila siku unajisikia mzito, hakuna kinachokufurahisha, usingizi unakataa hata mama akiwa ametulia, nenda ukazungumze na daktari. Watu wakisikia afya ya akili wanafikiri Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, na milango ya chuma. Hospitali nyingi za mikoa zina kliniki ya kawaida, unakaa kwenye benchi kama wengine. Ikifika siku umewaza kujidhuru au kumdhuru mama, usisubiri kliniki, nenda siku hiyo hiyo na mtu wa kukusindikiza. Hilo linawapata watu wema kabisa, nimewaona.

Bi Mkubwa wa Michenzani

Mimi mtu mzima, mtanisamehe. Hizi habari za "muda wangu" sisi hatukuzijua. Mzazi akilala kitandani unamshukuru Mungu kakupa mlango wa pepo ndani ya nyumba yako. Mama alikuamkia wewe usiku mara ngapi, ulimsikia akidai mapumziko? Subiri mwanangu, na dua usiache. Haya mengine ya kuhesabiana saa na ndugu yanavunja baraka.

Fundi wa Charambe

Shikamoo bibi. Nimekusoma kwa heshima zote. Dua siachi, ila siku hizi nikisujudu nasinzia hapo hapo kwenye mswala, mpaka mwanangu aje aniguse.

Naomba nikuulize kitu, bibi. Huyo mgonjwa wenu wa zamani alikuwa kwenye nyumba yenye watu wangapi? Maana bibi yangu mzaa mama aliuguzwa Kilwa, na mimi mtoto nilikuwepo. Kulikuwa na mama, mama wadogo wawili, mawifi, na binti wa jirani aliyekuwa kama wa nyumbani. Mmoja anaogesha, mwingine jikoni, mwingine kalala. Hakuna aliyeomba mapumziko kwa sababu yalikuwa yanakuja yenyewe. Hapa kwangu wanawake wa kupokezana ni mimi na mimi.

Bi Mkubwa wa Michenzani

Marahaba. Kweli, tulikuwa wengi. Hilo sikulipima. Nyumba yetu ilikuwa haikosi wanawake sita, saba. Huyo mdogo wako wa Kigamboni mwambie nimesema mimi: mama ni wake pia.

Mzee wa Likoni

Dadangu, mimi nakuandikia kutoka Mombasa. Baba yetu alilala na kiharusi kwetu Likoni mpaka Mungu alipomchukua, na mimi ndiye niliyekuwa naye karibu, kwa sababu ndugu zangu walikuwa na kazi za kuajiriwa na mimi nilikuwa na duka. Mwenye duka watu humwona hana kazi. Naona kwa fundi ni vivyo hivyo.

Nakwambia nilichojifunza kwa taabu ya wengine na yangu. Ukimwambia ndugu "nisaidie", atakuletea matunda. Neno lenyewe ni pana, kila mtu hulijaza atakavyo. Mwambie: Jumamosi kutoka saa kumi za jioni hadi Jumapili saa nne za asubuhi ni zako. Siku, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Sisi tuliandika kwenye karatasi tukaibandika juu ya jokofu, na kila aliyekuja kumwona mgonjwa aliisoma. Aibu ya wageni ilifanya kazi kuliko maneno yangu yote.

Kuhusu kuogesha. Kijana ana hoja, sitamcheka. Kwetu Waislamu mtoto wa kiume kumvua mama yake ni jambo zito, labda pasiwe na mtu mwingine kabisa. Lakini ebu ivunje kazi ya kuuguza vipande vipande uone ni vingapi vinahitaji mwanamke. Kuoga na kubadilisha pampas. Basi. Kumgeuza akiwa kavaa dera lake na ile kanga aliyoieleza mama muuguzi, mtoto wa kiume anafanya, tena ana nguvu kukushinda. Kumlisha, dawa zake kwa saa zake, kumnyoosha vidole na mguu kama alivyoonyesha mtu wa mazoezi, kumpeleka kliniki, kukesha naye, kumsikiliza hizo "bado" zake. Wewe muogeshe mama saa kumi kasoro, mvalishe, kisha ondoka. Usiku akichafuka kuna jirani wa kike, mnapatana naye mapema kwamba atagongewa, na unampa kitu.

Nimesema ondoka, na hapo ndipo wengi huanguka. Dada yangu alipokuwa akinipokea zamu mimi nilikuwa naenda kulala chumba cha pili. Kila baada ya robo saa mlango unagongwa: dawa ya bluu iko wapi, baba anataka nini, mbona amekataa uji? Nilikuwa nimelala na huku niko kazini. Zamu ya mwenzio ukibaki nyumba ile ile inarudi kwako kabla hujavua viatu. Nenda kwa mtu. Hata kama ni kulala kwenye mkeka wa shoga yako mtaa wa pili, nenda, na simu mwachie mtu mwingine aipokee.

Jambo jingine dogo: atakosea. Atamlisha haraka, ataweka mto upande usio wake. Ukirudi usianze kurekebisha mbele yake. Nilimfanyia hivyo ndugu yangu, na juma la pili hakuja.

Karani wa Morogoro

Naongeza upande wa hela na sheria, kwa ufupi.

Aliyeajiriwa Tanzania bara, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ana likizo ya siku 28 kwa mwaka na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Fundi aliyejiajiri hana wa kumdai, yeye ndiye bosi na yeye ndiye kibarua. Kwa hiyo hiyo siku moja ya fremu kufungwa itabidi uitangaze mwenyewe na uiheshimu mwenyewe. Andika kwenye kibao: Jumapili hakuna kazi, na usipokee simu ya kazi. Wateja watalalamika mwezi wa kwanza, halafu watazoea, kama walivyozoea kwamba benki haifunguliwi usiku.

Hela ya dada wa Muscat naona mnaihesabu kama ya dawa na pampas. Ongeeni naye sehemu yake iwe ya mtu wa kuja kutwa, hata saa chache. Mama mmoja wa mtaani mwenye adabu, aje saa tatu aondoke saa saba, wewe ushone bila kusikiliza ukutani. Ukishona saa nne mfululizo utamaliza kazi ambayo sasa unaimaliza usiku. Na huyo mama naye ni mfanyakazi, anahitaji ujira uliokubaliwa na siku yake ya kupumzika. Nimeona familia zinamtua mzigo dada mmoja zinambebesha dada mwingine wa miaka kumi na sita kutoka kijijini, alale chumba cha mgonjwa, siku saba kwa wiki. Hilo msifanye.

Jamaa wa Sinza

Nimesoma yote. Dada naomba radhi kwa ile ya muziki laini. 😅

Fundi wa Charambe

Habari zenu tena. Nilikuwa kimya kwa sababu ya zile sare, harusi imeshapita, bwana harusi kapendeza.

Tulifanya kikao. Kwenye simu, maana wanne hatukai mji mmoja. Dada wa Muscat alipata nafasi baada ya kazi, huko ilikuwa usiku kama huku tu. Nilikuwa nimeandika kila ninachofanya kwa mama, kutoka alfajiri hadi alfajiri, nikawasomea. Sikuongeza chumvi wala sikulia. Niliposoma zile za usiku, kaka wa Mwanza akauliza, "Kila siku?" Nikamjibu kila siku. Akanyamaza. Nadhani kweli hakujua. Yeye anapiga saa mbili za usiku, mama kaoga, kavaa, kakaa kwenye mito. Kwenye simu nyumba yangu inaonekana hoteli.

Kaka wa Mwanza kuja hawezi, kasema hivyo bila kuzunguka, na nimependa kuliko angesema "nitaangalia". Atamlipa mama mmoja wa hapa jirani aje asubuhi. Ameshaanza. Mama yangu alimkataa siku za mwanzo, anafunga mdomo, kijiko hakipiti. Sasa anamkubali kwa uji, kwa wali bado ananitaka mimi. Dada kapunguza hela ya dawa? Hapana, kakataa kupunguza chochote, akaniomba nimpigie nikiwa sina kazi, si kumwonyesha mama, tuongee sisi wawili. Hilo nilikuwa sikulitegemea. Kumbe naye hana wa kuongea naye.

Mdogo wetu wa Kigamboni ndiye aliyeleta ubishi. Mwanaume, mwanaume, mwanaume. Nikamsomea maneno ya Mzee wa Likoni yote kama yalivyo, halafu na ya Bi Mkubwa. Akakubali Jumamosi moja "ya majaribio". Nikamuogesha mama, nikamvalisha, nikamwonyesha kanga inavyovutwa, nikaondoka na mkoba mdogo kwenda kwa shoga yangu Kijichi, yule yule wa video ya udongo. Simu nikampa yeye. Mdogo wangu alipiga, alipiga tena, shoga yangu anamjibu, "Dada yako kalala, soma karatasi." Nililala kuanzia baada ya isha. Niliamka jua limeshapanda, sijui niko wapi, nikadhani nimemsahau mama. Nikatoka mpaka mlangoni bila viatu ndipo nikakumbuka.

Nisiwadanganye, niliporudi mama alikuwa amenuna. Aligeuzia uso ukutani. Hakuniambia bado wala nini. Mdogo wangu macho mekundu, shati limechafuka uji, ananiambia, "Dada, huyu mtu halali!" Nikamwambia karibu. Jumamosi iliyofuata kaja tena, ingawa kachelewa, na ile ya jana hakuja kabisa, kasema gari limeharibika. Kwa hiyo haijawa mteremko. Nimemwambia deni la jana lipo palepale, Jumatano usiku anakuja, na jina lake lipo kwenye karatasi, na wageni wameshaanza kusoma.

Kuhusu usiku: niliuliza kliniki, wakamkagua ngozi, wakaniruhusu nimgeuze kila baada ya muda wa saa nne, kuanzia saa nne za usiku hadi alfajiri, kwa sharti la mito na kumkagua kila asubuhi. Nimenunua sponji nene. Presha yangu ilisoma juu kidogo, nimeambiwa nirudi kuipima tena. Na kibao nimeandika, JUMAPILI HATUSHONI. Mteja mmoja alikuja akakisoma chote kwa sauti, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo nikuletee lini, Jumapili?"

Mama Muuguzi, nina swali kwako. Ule mkono wa kulia wa mama umeanza kuvimba vidole, hasa jioni. Hana homa. Ninyooshe zaidi au niuache?

Muuguzi Mstaafu

Usinyooshe kwa nguvu. Mkono uliopooza ukining'inia siku nzima maji yanashuka kwenye vidole. Akikaa, uweke juu ya mto mapajani au mezani, kiganja wazi, vidole viwe juu kidogo kuliko kiwiko. Akilala, mto chini ya mkono wote, usibaki umebanwa na mwili. Vua pete na bangili zote upande huo. Mfunguefungue vidole taratibu mara kadhaa kwa siku, na mdogo wako naye afundishwe kufanya hivyo Jumatano.

Ukiuona mwekundu au umebadilika rangi, una joto kuliko ule mwingine, unauma ukiguswa, au uvimbe umepanda hadi juu ya kiwiko, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, inaweza kuwa damu iliyoganda. Kama ni vidole tu na asubuhi vinakuwa vimepungua, mwonyeshe mtaalamu wa viungo siku ya kliniki. Na wewe ile presha ukapime, usinitajie mama tu.